Barua: Wale kwenye picha yenu sio System of a Down

Ndugu mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hii haitakuwa fupi, na kama lazima muikate basi kateni mwisho msikate mwanzo manake mwanzo ndo wenye kosa lenu.

Jumapili iliyopita kwenye ukurasa wa burudani mlitoa makala kuhusu hizi bendi za metal, mkauita "muziki wa kelele unaoharibu vijana", mkataja bendi kama nne hivi na mojawapo ni System of a Down, mkasema ni wazungu wa Marekani wanaoabudu shetani na hawana lolote la kusema zaidi ya kupiga makelele. Afu chini yake mkaweka picha ya jamaa tisa wamevaa vinyago na maovaroli mekundu. Mhariri, hao kwenye picha ni Slipknot, watu wa Iowa, bendi nyingine kabisa. System ni watu wanne tu, hakuna anayevaa kinyago, na mwimbaji wao mwenye nywele za msokoto na ndevu za mbuzi ukikutana nae Kariakoo ungeweza kudhani ni muuza vitambaa. Ni sawa na mtu aandike habari za Msondo Ngoma afu aweke picha ya TOT. Kosa la picha linasameheka, watu wanakimbizana na muda wa kuchapa, najua. Ila kile mlichokiandika juu ya picha ndo kimenifanya nikae na simu mpaka usiku huu nikiandika.

Mi ni fundi redio za magari hapa Mwanza, redio za kaseti nazitoa naweka za kusoma flashi, nafunga spika, nafunga na besi kwa wale wanaotaka mtaa mzima ujue wamefika. Kabla ya hapo, mwaka 2004, nilikuwa kijana wa kuchoma CD kwenye kafe moja ya intaneti. Kazi ilikuwa hivi, mteja analeta orodha yake kwenye karatasi, mi namtafutia nyimbo, naweka CD tupu kwenye mashine, halafu tunakaa kimya. Kimya kweli yaani, kwa sababu kompyuta ilikuwa dhaifu, ukifungua kitu kingine chochote wakati inachoma basi CD imeharibika, inabaki ya kutundika shambani kutishia ndege, na bosi anakukata kwenye posho. Nilikuwa nachoma Bongo Flava, nachoma kwaya, nachoma R. Kelly mpaka nachoka.

Siku moja akaja kijana mmoja wa shule, wale wanaosoma na watoto wa wafadhili, ana CD kwenye kasha la wazi halina karatasi hata moja, CD yenyewe imeandikwa kwa mkono kama kwa maka peni. Akataka nimchomee nakala mbili. Nikamwambia kaka hii tayari imechomwa, nakala ya nakala huwa inatoka vibaya, niletee orijino. Akaniambia hii ndo orijino. Nikamcheka. Akakasirika, tukabishana pale mpaka wateja wa barua pepe wakageuka, mi namwonyesha mwandiko wa mkono, yeye ananionyesha maandishi madogo pembeni ya CD. Na kweli yalikuwepo, ya kiwandani kabisa. Ilikuwa ya hao System of a Down, na jina la albamu kwa Kiswahili ni kama "Iba Hii Albamu".

Akanieleza stori yake na baadae nikaja kuisoma mwenyewe nikakuta ni kweli. Hawa jamaa walirekodi nyimbo zaidi ya 30 kwa ajili ya albamu yao ya pili, zikatumika 14 na moja wakaificha mwishoni. Zile zilizobaki zikavuja kwenye intaneti zikiwa hazijamaliziwa, watu wakawa wanachoma na kupeana. Sasa badala ya kulia lia, Novemba 2002 wakazimalizia vizuri wakazitoa rasmi, na wakaamua muonekano wake uwe kama CD ya kuchoma, bila kava, bila picha, bila kitabu cha mashairi. Mi niliyekuwa naishi kwa kuchoma CD nikajiona nimetajwa. Nikachoma mbili za mteja na moja yangu, na mi nikaandika kwa maka peni, kwahiyo ya kwangu feki na ile orijino zikawa zinafanana kama mapacha. Usiku nikaweka hedfoni, wimbo wa kwanza nikakuta unahusu piza na matangazo ya biashara. Nilitegemea mashetani, nikapewa piza.

Sasa mhariri, mmesema ni wazungu wa Marekani. Ngoja nikupe watu wenyewe. Serj Tankian, mwimbaji, amezaliwa Beirut Lebanon 1967, familia ikakimbilia Los Angeles yeye akiwa mtoto wa kama miaka saba wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaanza kule. John Dolmayan, mpiga dramu, nae kazaliwa Beirut. Shavo Odadjian, mpiga besi, kazaliwa Yerevan, Armenia, enzi hizo iko chini ya Wasovieti. Daron Malakian wa gitaa ndo pekee aliyezaliwa Hollywood, na hata yeye wazazi wake wametokea Iraq. Wote wanne ni Waarmenia, watoto na wajukuu wa watu waliotawanyika, na watatu kati yao, Serj, Daron na Shavo, wamepita shule moja ya Waarmenia pale Hollywood ingawa sio darasa moja kwa sababu Serj amewazidi umri. Na huyo Serj hakuanza kama msela wa gitaa, alikuwa na kampuni ya programu za kompyuta za mahesabu ya masonara! Mtu anauza programu kwa wauza dhahabu mchana, jioni anaenda kupiga mayowe.

Walianza na bendi inaitwa Soil, ikafa, 1994 wakaanza hii, Glendale, California, ambako Waarmenia wamejaa kama Wahaya Bukoba. Jina lilitoka kwenye shairi la Daron ambalo lilianza na neno Victims, yaani wahanga, Shavo akabadilisha neno la kwanza likawa System, na sababu mojawapo ni ya kibiashara kabisa, alitaka CD zao kwenye rafu ya duka zikae karibu na za bendi ya Slayer maana zinapangwa kwa alfabeti. Mpiga dramu wa mwanzo aliumia mkono 1997 akatoka, ndo akaingia John. Walikuwa wanapiga vilabu vya Hollywood wiki baada ya wiki, prodyuza Rick Rubin akawaona kwenye klabu ya Viper Room, akawachukua kwenye lebo yake. Albamu ya kwanza ikatoka Juni 1998, wakaenda kuzunguka na hao hao Slayer waliokuwa wanawatamani kwenye rafu, na kwenye tamasha la Ozzfest.

Kava la hiyo albamu ya kwanza lina mkono umenyooshwa vidole vitano. Kuna mchungaji mmoja alishaniambia niitoe redio kwenye gari lake kwa sababu aliliona hilo kava kwenye simu yangu akasema ni mkono wa kuzimu. Mkono ule ni bango la uchaguzi la chama cha kikomunisti cha Ujerumani, 1928, kazi ya msanii John Heartfield. Na wimbo wao mkubwa kuliko wote, Chop Suey!, ule ambao YouTube umepita watazamaji bilioni moja, pale katikati unapopoa mwimbaji anatamka maneno ya Yesu msalabani, fungua Luka 23:46 na Mathayo 27:46 utayakuta. Serj ameshasimulia kwamba kipande hicho hakuwa na maneno yake, amekwama, Rubin akamwambia nenda maktaba yangu pale chukua kitabu chochote fungua popote, akafungua, akakutana na hayo. Na hao Waarmenia mnaowaita wa shetani ni taifa ambalo kwa historia yao wameupokea Ukristo kama dini ya nchi tangu mwaka 301, sisi huku tulikuwa wapi sijui.

Nirudi kwenye lile la "hawana la kusema", hili ndo limeniuma.

Albamu ile ya 1998 wimbo wa mwisho unaitwa P.L.U.C.K., unahusu mauaji ya kimbari ya Waarmenia. Usiku wa tarehe 24 Aprili 1915 serikali ya Osmania, yaani Uturuki ya zamani, ilikamata wasomi na viongozi wa Kiarmenia zaidi ya 200 pale Istanbul, afu ikafuata kazi ya kuwaswaga watu vijiji kwa vijiji kwenda jangwani Syria, wake kwa watoto, kwa miguu, wanauawa njiani au wanakufa njaa na kiu. Wanaokadiriwa kufa ni karibu milioni 1 mpaka 1.5. Na Uturuki mpaka leo haikubali kuliita jina lake. Babu yake Serj mzaa mama, mzee Stepan Haytayan, alipita mle akiwa mtoto. Yaani hawa sio watu waliosoma kitabu wakapata hasira, hii ni stori ya mezani kwao, babu anaisimulia mkila.

Mhariri mi ni mtu wa Ngara. Aprili 1994 nilikuwa na miaka minane. Mwisho wa mwezi ule watu wa Rwanda walivuka pale daraja la Rusumo, kwa siku moja tu zaidi ya laki mbili, barabara haikuonekana lami, ilionekana vichwa na magodoro. Wakakaa kambi ya Benaco, kilima kikageuka mji wa plastiki za bluu. Wengine walikuwa wanakimbia wasiuawe na wengine ndo hao hao waliokuwa wameua, sisi watoto tungejuaje, tulikuwa tunawauzia maembe. Mama alitukataza kula samaki kwa muda mrefu sana na hakutuambia kwa nini, mpaka nimekuwa mkubwa ndo nikajua mto Kagera ulikuwa umebeba nini. Nyumbani kwetu hayo mambo hayakuongelewa, ukiuliza unaambiwa nenda kachote maji. Sasa fikiria kijana wa namna hiyo yuko Mwanza usiku na hedfoni, anasikia wimbo wa watu wazima wanapiga kelele juu ya jambo lile lile ambalo kwao lilikuwa halisemwi, na Kiingereza changu cha sekondari nikawa naokota neno moja moja, nikaenda kutafuta maana kwenye kompyuta ya kafe. Hizo mnazoziita kelele mi zilinifaa. Sitasema zaidi hapo.

Tuje kwenye albamu ya pili, Toxicity, hii wiki yake ina mambo ya kwenye sinema. Tarehe 3 Septemba 2001 wakatangaza shoo ya bure Hollywood kwenye maegesho ya magari kuwashukuru mashabiki, walitegemea watu kama 3,500, wakaja mara mbili na zaidi, zimamoto na polisi wakasimamisha shoo kabla hata hawajapanda jukwaani, na hawakuruhusiwa hata kupanda kuwaambia watu waende nyumbani, basi ikawa fujo masaa na masaa, vyombo vya bendi vikavunjwa vingine vikabebwa. Kesho yake tarehe 4 albamu ikaingia madukani. Wiki ile ndege zilipogonga New York tarehe 11 wao ndo walikuwa namba moja Marekani, wameuza nakala 220,000 kwa wiki moja. Kampuni kubwa ya redio ya Clear Channel ikazungusha orodha ya nyimbo ambazo sio nzuri kuzipiga wakati ule na Chop Suey! ilikuwa ndani. Kama vile haitoshi, Serj siku mbili baada ya shambulio akaandika insha kwenye tovuti ya bendi, akaeleza siasa za Marekani mashariki ya kati na mafuta kama moja ya mizizi ya chuki, wakati ule nchi nzima iko kwenye msiba. Lebo ikaiondoa haraka sana. Akatukanwa, akatishiwa maisha, wenzake wenyewe ndani ya bendi wakamuuliza we unataka tuuawe? Mi sio kila kitu cha Serj nakubali, nadhani pale angesubiri hata arobaini ipite, msiba ni msiba, lakini mtu ambaye hana la kusema haandiki vile.

Na muziki wenyewe jamani. Naongea kama fundi. Nyuzi za gitaa la Daron zimeshushwa chini ya kawaida mpaka spika ya mlango wa Corolla inaanza kulalamika, afu ghafla gitaa linakuwa kavu la kawaida, sauti mbili za Serj na Daron zinapandiana kama wako kanisani, afu ghafla tena dramu za John zinakuja kama mawe kwenye bati. Mapigo yanabadilika ukiwa unatikisa kichwa unakuta umebaki peke yako hewani. Melodi zao zina ule mpindo wa mashariki. Nina mteja mmoja mtu mzima wa Tanga, anapenda taarab ile ya zamani, alikuja kuchukua gari lake nikawa najaribu redio kwa wimbo wa Spiders, akasimama, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza "fundi, hii taarab kaiudhi nani?" Mpaka leo sijasikia uchambuzi wa System unaozidi huo, na nyie mna ukurasa mzima kila Jumapili.

2005 wakafanya jambo ambalo wachache sana wamelifanya, albamu mbili mwaka mmoja, Mezmerize mwezi wa tano na Hypnotize mwezi wa kumi na moja, na zote mbili zikaingia moja kwa moja namba moja Marekani. Makava yake amechora baba yake Daron, mzee Vartan Malakian, msanii wa uchoraji. Wimbo wa B.Y.O.B., ambao unauliza kwa nini siku zote wanaopelekwa vitani ni maskini, ukawapa tuzo ya Grammy mwanzoni mwa 2006. Na katikati ya hapo, Septemba 2005, wakaenda Batavia, Illinois, nje ya ofisi ya Dennis Hastert, spika wa bunge la Marekani wakati ule, na Serj akapeleka barua kwa mkono wake kumuomba aruhusu azimio la kuyatambua yale mauaji lipigiwe kura, akamweleza habari za babu yake. Hastert hakulipeleka. Azimio likaja kupita bunge la wawakilishi Oktoba 2019, kura 405 kwa 11, Seneti nao wakapitisha la kwao Desemba, na Aprili 2021 rais Biden akatamka neno lenyewe. Babu alikuwa ameshafariki zamani. Miaka 14 tangu ile barua ya Batavia kwahiyo mhariri mi nikisubiri marekebisho yangu hata wiki mbili sitalalamika.

Hapo hapo niseme na kitu cha huku kwetu, kwa wale watakaosema hii ni mambo ya mbali. 2002 Serj alianzisha taasisi ya wanamuziki na wanaharakati inaitwa Axis of Justice, mwenzake aliyeanzisha nae ni Tom Morello mpiga gitaa wa bendi ya Rage Against the Machine. Huyo Morello baba yake ni Mkenya, Ngethe Njoroge, aliyekuwa balozi wa Kenya Umoja wa Mataifa. Na Nairobi leo kuna vijana wa metal, yupo Lord Spikeheart, zamani alikuwa kwenye kundi la Duma, albamu yake ya 2024 ameitoa kwa heshima ya Field Marshal Muthoni wa Kirima wa Mau Mau, ambaye anamtaja kuwa bibi wa ukoo wake. Mnaona wanachofanya? Wanachukua bibi na babu zao wanawaweka kwenye spika. Mngemtafuta huyo kwa simu tu mngepata makala nzuri kuliko ile.

Sitaki mdhani nawapamba. Hii bendi imekaa miaka na miaka bila albamu na sababu ni zile zile zinazoua makundi yetu huku: nani kaandika, nani analipwa nini. Agosti 2006 walipiga shoo ya mwisho Florida wakaenda mapumziko, Serj akatoa albamu yake mwenyewe 2007, Daron na John wakafanya ya kwao, Scars on Broadway. 2011 wakarudi jukwaani lakini sio studio. 2018 Serj akaweka wazi hadharani kwamba Daron kadri miaka inavyokwenda alichukua sehemu kubwa ya utunzi na hela za hakimiliki, na kwamba yeye alitaka mambo yawe sawa kwa sawa, mgao sawa, mwenye wimbo awe na neno la mwisho kwenye wimbo wake, na hawakuelewana. Daron nae ana upande wake, anasema mwenzake alikuwa hataki tena maisha ya kuzunguka. Kwenye kitabu cha maisha yake cha 2024 Serj anaeleza kwamba alishawaambia wenzake watafute mwimbaji mwingine. Juu ya hapo siasa zimewagawa, John anamuunga mkono Trump na Serj yuko upande wa pili kabisa, na hao wawili wameoa nyumba moja, wake zao ni ndugu! Hebu fikiria hiyo krismasi. Mi kama shabiki nimeumia, tangu 2005 nasubiri albamu, nimeoa, nimezaa, mwanangu yuko kidato cha pili, albamu hakuna.

Halafu bado kuna mambo mawili yanayonifanya nisiwatupe. La kwanza ni Yerevan, tarehe 23 Aprili 2015, usiku wa kuamkia miaka 100 ya yale mauaji. Walikuwa hawajawahi kupiga Armenia hata siku moja kama bendi, miaka yote hiyo. Wakapiga bure, uwanja wa Jamhuri katikati ya mji, mvua inanyesha, zaidi ya masaa mawili, watu wameloa hawaondoki. Video ipo, itazame usiku watoto wakiwa wamelala. La pili ni 2020, vita ya Waarmenia na Azerbaijan ilipolipuka Nagorno-Karabakh mwezi wa tisa, hawa watu wanne ambao hawakuwa wanaweza kukubaliana hata tarehe ya mazoezi wakaingia studio wakarekodi nyimbo mbili, tarehe 6 Novemba wakazitoa, za kwanza ndani ya miaka 15, mapato yakaenda kwenye mfuko wa kusaidia Waarmenia, wakachangisha zaidi ya dola laki sita. Siku chache baadae vita ikaisha na Armenia ikashindwa. Nyimbo mbili tu. Halafu wakarudi kwenye kutokuelewana kwao, shoo wanapiga, 2025 wamejaza viwanja Amerika ya Kusini na Marekani, albamu bado.

Basi mhariri naomba mambo mawili. Picha ile irekebishwe, hata kwa mistari miwili chini ya ukurasa, semeni wale ni Slipknot, na wao pia wana mashabiki wao sijui wamejisikiaje. Na huyo mwandishi wenu, sijamtaja jina na sitaki afokewe, siku akiwa na safari ya Mwanza aniulizie kwa mafundi wa redio pale kwenye magari, mi nipo kila siku isipokuwa Jumapili mchana. Ile CD bado ninayo, mwandiko wangu wa maka peni umeshafutika nusu. Imekwaruzika, wimbo wa saba unarukaruka, lakini ule wa piza bado unapiga vizuri.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi redio, Mwanza